Pori au Mahame? Shamba la Bibi na Kumbukumbu ya Vita Kusini-Mashariki mwa Tanzania

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kutazama, kwa jicho la mwanalugha, eneo moja la ardhi ya umma lililoko kusini-mashariki mwa Tanzania. Eneo hilo lilijulikana kwa karibu karne nzima kama Pori la Akiba la Selous, na tangu mwaka 2019 sehemu yake kubwa imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Lilipokuwa zima lilikuwa na ukubwa upatao kilomita za mraba 50,000, yaani karibu mara mbili ya nchi ya Rwanda. Ndani yake na pembezoni mwake mna mambo matatu ambayo wataalamu wamezoea kuyatenga: viwanja vya vita, makao ya wanyama, na misitu iliyofungwa kwa sheria. Mwanahistoria huandika juu ya vita, mtaalamu wa wanyama huhesabu tembo, na bwana misitu hupima miti. Mgeni anayelipa kiingilio ili azuru mahali hapo huonyeshwa wanyama, na aghalabu huondoka akiamini kwamba ameona nchi jinsi ilivyoumbwa, isiyowahi kuguswa na mkono wa mtu.

Hoja yetu ni kwamba imani hiyo si sahihi, na kwamba Kiswahili chenyewe kina neno la kuisahihisha. Mahali ambapo hapajapata kukaliwa na watu huitwa pori. Mahali palipokaliwa kisha pakaachwa huitwa mahame. Sehemu kubwa ya ardhi hii ambayo vitabu na mabango huiita pori ni mahame, na waliohama hawakuhama kwa hiari. Walisukumwa na sheria, na vita viwili, na njaa, na mwishowe na amri ya serikali. Tutaanza na maneno, kisha tufuate matukio kwa mpangilio wa miaka, na mwisho tutoe maoni juu ya wajibu wa idara zetu za lugha katika jambo hili.

2. Maneno tunayoyatumia

Mwanafunzi wa isimu anafahamu kwamba maneno ya mandhari hubadilika maana pale mamlaka juu ya ardhi yanapobadilika. Tuchukue neno mbuga. Kwa asili ni uwanda wa majani, hasa ule wenye udongo mweusi unaojaa maji wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, na wataalamu wa udongo wanalitumia hadi leo kwa maana hiyo. Katika matumizi ya kawaida ya siku hizi, hata hivyo, mtoto wa shule ukimtajia mbuga atafikiria simba na pundamilia, hata kama mahali penyewe ni mlima au msitu. Sifa ya udongo imegeuka kuwa cheo cha kisheria.

Neno pori nalo limepata mkia. Pori la akiba ni tafsiri rasmi ya istilahi ya kikoloni, na neno akiba, ambalo katika nyumba ya Mswahili ni kile kinachowekwa kwa ajili ya siku ya dhiki, linatualika kuuliza: akiba ya nani, na dhiki ya nani? Swali hili si la mzaha. A.R.W. Crosse-Upcott, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wangindo katika miaka ya 1950, alieleza jinsi watu wa Liwale walivyojikimu wakati wa njaa kwa vyakula vya porini. Kwao pori lilikuwa akiba kwa maana kamili ya neno hilo. Lilipofungwa, ghala lilifungwa pamoja nalo.

Hifadhi ni neno lenye asili ya Kiarabu, na katika jamii ya Waislamu wa pwani hutumika pia kwa kazi ya kumbukumbu: mtu huhifadhi Kurani, yaani huiweka moyoni isimpotee. Kutunza kitu na kukikumbuka ni kitendo kimoja katika neno hili. Tutarudi kwenye nukta hiyo mwishoni.

Mahame ni nomino inayotokana na kitenzi hama. Inataja mji au kijiji kilichoachwa, na dalili zake zinajulikana na kila mkulima wa kusini: vigae vya vyungu, mafiga, makaburi, na hasa miembe. Mwembe si mti wa asili wa nchi hii. Unapousimamia mwembe mkongwe katikati ya miombo, huna budi kukubali kwamba mtu alipita hapo, akala embe, na pengine akaishi hapo miaka mingi. Hata hivyo neno mahame halimo katika istilahi za sheria ya wanyama wala ya misitu. Sheria inajua pori, hifadhi na msitu, lakini haina neno la mahali ambapo watu walikuwako.

3. Sheria kabla ya vita

Watu wengi hudhani kwamba hifadhi za wanyama zilikuja baada ya nchi kutulia. Katika Rufiji mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kulinda wanyama katika koloni la Wajerumani na kutenga maeneo mawili ya kwanza, moja likiwa katika bonde la Rufiji na jingine magharibi mwa Kilimanjaro. Miaka michache baadaye mikoko ya delta ya Rufiji iliwekwa chini ya usimamizi wa serikali, kisha misitu mingine ya bara ikafuata. Uwindaji uliwekewa leseni ambazo mwanakijiji wa kawaida hakuweza kuzilipia.

Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika maandishi yake ya mwaka 1997 na yale ya 2003, amesisitiza kwamba mambo haya yanapaswa kuhesabiwa miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji. Kwa muda mrefu sababu iliyotajwa kwanza ni mashamba ya pamba ya kulazimishwa, na hakuna anayeikanusha. Ila Sunseri anatuonyesha upande mwingine. Wanaume walipopelekwa kufanya kazi mbali, na uwindaji wa nguruwe mwitu kwa nyavu ulipozuiliwa, mashamba yalibaki mikononi mwa wanawake waliokuwa wakipambana na wanyama usiku kucha bila silaha. Msitu uliokuwa dawa, kuni, asali, sandarusi na mpira ukawa mahali ambapo mtu aliweza kukamatwa kwa kuingia. Hivyo ardhi hii ilianza kuwa mali ya serikali kabla risasi ya kwanza haijalia, na haifai kumweleza mgeni kwamba hifadhi ilikuja kuwalinda wanyama dhidi ya watu waliokuwa hawajui kuishi nao.

4. Maji Maji na njaa iliyofuata

Vita vilianza mwezi Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, pale watu walipong'oa miche ya pamba. Kabla ya hapo, mnamo 1904, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amejitokeza kama mganga aliyepagawa na Hongo, mjumbe wa Bokero, mzimu mkuu wa Rufiji. Masimulizi yanasema kwamba aliingia majini mbele ya jamaa zake na kutoka siku ya pili akiwa na nguo kavu. Watu walimiminika Ngarambe kutoka pande zote kuchukua maji ya kuwalinda na risasi. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Lakini vita vilikuwa vimekwisha kuenea: boma la Liwale lilitekwa na kuchomwa mwezi huo huo, na tarehe 30 Agosti maelfu ya watu walilishambulia boma la Mahenge wakakutana na bunduki za mtombo.

Kwa wasomaji wa jarida hili jina la Kinjikitile linafahamika zaidi kwa sura aliyopewa na Ebrahim Hussein katika tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa 1969. Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba mhusika wake ni wa kubuni, si nakala ya mtu wa historia. Kabla yake kulikuwa na Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa 1957 pamoja na tafsiri ya W.H. Whiteley. Kisha, mwaka 1968 na 1969, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilituma wanafunzi vijijini kukusanya masimulizi ya wazee waliovishuhudia vita au waliovisikia kwa wazazi wao. Kwa hiyo hatuwezi kulalamika kwamba fasihi na historia zimevisahau vita hivi. Kilichosahauliwa ni mahali vilipotokea.

Yafaa tueleze jinsi vita vilivyokwisha, kwa kuwa hapo ndipo asili ya pori la leo ilipo. Serikali ya Gavana von Götzen iliona kwamba haiwezi kuwafuata wapiganaji katika kila bonde, hivyo majeshi yake yakachoma vijiji, yakateketeza ghala, yakachukua mifugo na kuzuia watu wasilime. Njaa ilitumiwa kwa makusudi kama silaha. Takwimu za Wajerumani wenyewe zilitaja vifo 75,000, G.C.K. Gwassa, aliyeongoza utafiti wa masimulizi pamoja na John Iliffe, alikadiria kuwa waliokufa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa vijijini mwao au njiani wakitafuta chakula.

Ardhi isiyolimwa haikai ikingoja. Kichaka hurudi, wanyama hufuata kichaka, na mbung'o hufuata wanyama. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977 juu ya ikolojia na historia ya Afrika Mashariki, alieleza jinsi udhibiti ambao wakulima walikuwa nao juu ya mazingira yao ulivyovunjika katika miaka ya utawala wa kigeni. Iliffe naye, katika historia yake ya Tanganyika ya 1979, aliona kinaya cha jambo hili: nchi iliyoangamizwa na njaa ya Maji Maji ndiyo iliyokuja kuwa mojawapo ya hifadhi kubwa za wanyama duniani. Tukilisema jambo hilo kwa maneno yetu, pori lilimea juu ya mahame.

5. Beho Beho: kaburi moja na wapagazi wasio na majina

Miaka kumi haikupita vizuri kabla nchi hiyo hiyo haijakanyagwa na majeshi tena. Vita Kuu ya Kwanza iliingia Rufiji kwa njia ya bahari: manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika delta na kuharibiwa huko tarehe 11 Julai 1915. Mwanzoni mwa 1917 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalisonga kutoka mto Mgeta kuelekea Rufiji, yakiyafuata ya Wajerumani yaliyoongozwa na von Lettow-Vorbeck. Tarehe 4 Januari 1917 kulikuwa na mapigano mahali paitwapo Beho Beho. Hapo aliuawa Kapteni Frederick Courteney Selous, Mwingereza mwenye umri wa miaka 65, mwindaji mashuhuri wa tembo ambaye mwaka 1890 aliuongoza msafara wa watu wa Cecil Rhodes kuingia nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Alizikwa hapo hapo. Mwaka 1922 pori lote lilipewa jina lake.

Kaburi lake lipo, nalo ni miongoni mwa vitu vichache vya kihistoria ambavyo mgeni hupelekwa kuviona katika hifadhi. Hatuna ubishi na heshima anayopewa marehemu. Tunachouliza ni nani wengine walikufa katika nchi hiyo mwaka huo, na kwa nini hawaonekani.

Vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa mahali pasipokuwa na reli wala barabara, na penye mbung'o waliowaua farasi, nyumbu na ng'ombe. Mizigo ikabebwa kwa vichwa. Waingereza waliwaandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland, Rodesia ya Kaskazini, Kongo na kwingineko, na waliokufa kati yao hukadiriwa kukaribia laki moja, wengi wao kwa kuhara, homa ya mapafu, malaria na njaa. Wajerumani nao walichukua wapagazi na chakula vijijini bila hesabu inayoweza kuaminika. Masika ya 1917 yalipoanza, Rufiji ilifurika, njia za chakula zikakatika, na majeshi yaliyobaki kingo za mto, miongoni mwao brigedi ya Wanigeria, yakapata njaa kali. Ikiwa askari mwenye bunduki alikosa posho, msomaji anaweza kukisia hali ya mpagazi.

Kenya inaingia katika habari hii moja kwa moja. Watu wa Ukambani, Nyanza, Ugikuyu na pwani walioandikishwa katika kikosi cha wapagazi walikwenda kusini, na wengi wao hawakurudi. Kikosi hicho kiliacha alama moja katika miji yetu, nayo ni neno. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni jina lile lile la Kiingereza la kikosi hicho, likiwa limepita katika vinywa vya watu waliokitumikia. Leo watu hununua nguo na vikapu katika masoko hayo bila kujua kwamba wanataja jina la watu waliokufa. Hata hivyo tunadiriki kusema kwamba masoko hayo mawili yamewakumbuka wapagazi kuliko hifadhi nzima yenye mifupa yao.

Msomaji aliyepata kusoma au kusafiri Ulaya atakuwa ameona makaburi ya vita hiyo hiyo, ambapo kila askari ana jiwe lake, na aliyekosa kaburi jina lake limechongwa ukutani. Kwa Waafrika utaratibu ulikuwa mwingine. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na tume ikaomba radhi. Kaburi la Selous likitazamwa peke yake ni kumbukumbu ya mtu mmoja. Likitazamwa pamoja na ripoti hiyo, linaonyesha ni nani aliyehesabiwa kuwa na jina.

6. Amri ya kuhama

Ingawa vita viwili vilipunguza watu, havikuwamaliza. Wangindo na majirani zao walirudi katika baadhi ya mabonde, wakalima, wakawinda, wakavuna asali na nta. Awamu ya mwisho ya kulifanya eneo hili kuwa tupu ilitokea wakati wa amani. Katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa magharibi mwa Liwale na kuwakusanya katika vijiji vikubwa nje ya eneo ambalo baadaye liliingizwa katika pori la akiba. Sababu iliyotolewa ilikuwa ugonjwa wa malale, na ugonjwa huo ulikuwepo kweli. Lakini C.J.P. Ionides, afisa wa wanyama aliyekuwa mtetezi mkuu wa kupanua hifadhi, hakuficha shauku yake ya kuona nchi hiyo ikiachiwa tembo. Gordon Matzke, aliyechunguza suala hili katika miaka ya 1970, ameonyesha jinsi sera ya makazi na sera ya wanyama zilivyokwenda bega kwa bega.

Ni muhimu kutambua mzunguko uliopo hapa. Vita na njaa vilileta kichaka. Kichaka kikaleta mbung'o. Mbung'o wakawa hoja ya kuwahamisha watu waliosalia. Na kuhama kwao kukawa ushahidi kwamba nchi ni pori. Kila hatua ilifuta alama ya hatua iliyoitangulia. Ilipofika mwaka 1982, eneo hilo lilipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, liliingizwa kwa sifa zake za maumbile peke yake.

7. Shamba la Bibi

Pamoja na yote hayo watu wa nchi hawakuliita pori hilo Selous. Waliliita Shamba la Bibi. Masimulizi yanaeleza kwamba Kaisari Wilhelm wa Pili alimpa mke wake pori hilo kuwa zawadi, na mwaka unaotajwa aghalabu ni 1907. Sisi hatutegemei masimulizi hayo kama hati ya umiliki. Thamani yake ni nyingine: yanatuonyesha jinsi wanakijiji walivyoielewa sheria. Miaka miwili tu baada ya vita kuanza, watu waliofiwa na jamaa waliona mabonde yao yakifungwa. Wakajieleza jambo hilo kwa lugha ya nyumbani: nchi imetolewa zawadi na mume asiyewahi kuiona kwa mke asiyewahi kuiona. Kuiita nchi ya tembo shamba ni kejeli, kwa kuwa shamba ni mahali panapolimwa, na hapo ndipo palipokatazwa kulima.

Jina hili lina historia ya kimaana inayostahili kuangaliwa. Neno bibi katika Kiswahili cha zamani lilimtaja mwanamke mwenye heshima, bimkubwa wa nyumba, na pia mke wa mtu. Kenya bado tunalitumia kwa maana ya mke. Katika Tanzania ya leo maana iliyotawala ni ya mama wa mzazi, yaani nyanya kama tusemavyo huku. Hivyo kijana wa Dar es Salaam akilisikia jina Shamba la Bibi hafikirii mke wa Kaisari. Anafikiria ajuza mwenye shamba lisilo na mlinzi, ambamo wajukuu huchuma watakavyo. Maana hiyo ya pili imekuwa msemo wa kisiasa: mali ya umma inayofujwa na kila mwenye nafasi huitwa shamba la bibi.

Hatudai kwamba msemo huo umezaliwa Rufiji, kwani jina hilo limebandikwa pia kwenye Uwanja wa Uhuru jijini Dar es Salaam. Tunasema tu kwamba maana zote mbili zimelifaa pori hili kwa zamu. Katikati ya miaka ya 1970 tembo wa eneo hili walihesabiwa kuwa zaidi ya 100,000; mwaka 2013 walikuwa wamebaki takriban 13,000, na mwaka 2014 UNESCO ikaliweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Lilipokuwa shamba la mke wa Kaisari, wenyeji walizuiwa kuingia. Lilipogeuka shamba la nyanya, majangili waliingia bila hodi. Katika hali zote mbili umma, ambao kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ndio unaowekewa ardhi yote chini ya udhamini wa Rais, haukuonekana kama mwenye mali.

8. Majina mapya na wajibu wetu

Mwaka 2019 sehemu ya kaskazini na kati, yenye kilomita za mraba zipatazo 30,000, ilifanywa Hifadhi ya Taifa na kupewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Tunaliunga mkono badiliko hilo. Si jambo dogo jina la mwindaji wa kikoloni kupisha jina la kiongozi aliyewahimiza watu wake waitazame historia yao wenyewe. Lakini jina la lango si jina la nchi iliyo nyuma ya lango. Kila kijito, kilima na bwawa ndani ya hifadhi lilikuwa na jina la Kingindo, Kimatumbi, Kindengereko, Kipogoro au Kirufiji, na majina hayo yalibeba habari: nani alianzisha kijiji, chumvi ilipikwa wapi, tambiko lilifanywa chini ya mti upi. Watu wenye majina hayo walihamishwa zaidi ya miaka 75 iliyopita. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi siku ya kuhama, kama yu hai, ana umri wa miaka themanini na zaidi.

Yako mambo ya kutia moyo. Songea ina Makumbusho ya Majimaji, na kila tarehe 27 Februari hukumbukwa wakuu wa Wangoni walionyongwa hapo mwaka 1906. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alizuru Songea na kuomba msamaha. Ngarambe nako, kijiji cha Kinjikitile, wanavijiji wameungana na wenzao wa Tapika kusimamia wenyewe eneo la wanyama lililo mpakani mwa hifadhi. Ingelikuwa vyema mgeni afikaye hapo kwa ajili ya nyati aelezwe pia kwamba amesimama mahali ambapo, mwaka 1904 na 1905, makabila ya kusini yalikutana na kuanza kujiona kuwa watu wamoja.

Huenda mtu akasema kwamba kazi hii ni ya wanahistoria na maofisa wa wanyama, si ya idara za Kiswahili. Hatukubaliani. Mwanahistoria amekwisha kutupa tarehe na hesabu. Kilichobaki kimehifadhiwa katika lugha, na hakuna mwingine aliyefunzwa kukichukua. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, wanafunzi wa isimu na fasihi simulizi wapelekwe katika vijiji vya mpakani, kutoka Liwale hadi Kisaki, kukusanya majina ya mahali na habari zake, kama walivyofanya wenzao wa 1968. Pili, istilahi ya mahame iingizwe katika maandishi ya hifadhi na kwenye mabango, na mabango hayo yaandikwe kwa Kiswahili kwanza. Tatu, wazee watakaokubali wapelekwe ndani ya hifadhi kwa gharama ya umma, wazuru mahame yao pamoja na wajukuu wao, na maneno yao yanaswe pale pale.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la Tanzania peke yake. Hapa Kenya Mbuga ya Nyandarua ilitangazwa mwaka 1950, na miaka miwili baadaye msitu huo ukawa ngome ya wapiganaji wa uhuru. Mgeni wa leo huonyeshwa maporomoko ya maji, na mapango hutajwa kwa haraka. Nyanda za Taita na Tsavo, walikopigana Waingereza na Wajerumani mwaka 1915 na 1916, nazo zina makaburi yenye majina ya wachache. Kinyume chake ni makaya ya Wamijikenda, yaliyoingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Huko msitu na mahame vimetambuliwa kuwa kitu kimoja, na wazee wa kaya ndio walinzi. Mfano tunao, tena wa Kibantu na wa pwani.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba eneo lililojulikana kama Selous, na sasa kwa sehemu kubwa Nyerere, halikuachwa tupu na maumbile. Liliachwa tupu na amri ya 1896, na moto na njaa ya 1905 hadi 1907, na mizigo ya 1917, na amri ya miaka ya 1940. Haifuati kwamba tembo waondolewe na watu warudishwe. Wanyama hao ni mali ya umma pia, na ulinzi wao ni haki na ni lazima. Linalofuata ni kwamba neno hifadhi litumike kwa maana yake yote. Kulinda wanyama bila kukumbuka watu ni kulitumia neno hilo nusu nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyo katika uwezo wa taaluma yetu. Wenye majina ya mabonde hayo wamebaki wachache, nao wanazungumza lugha tunazoziweza. Miaka kumi ijayo hatutakuwa na udhuru huo wala hao wa kuwauliza.